Kuondoka rahisi, kusimama je?

Leo tuongee pikipiki. Vijana wengi wa Dar tunajifunza kienyeji: mshkaji anakuazima chombo jioni, anakuonyesha klachi na gia, mnazunguka mtaa mara mbili, kesho yake na wewe dereva. Kuondoka kila mtu anajua. Kusimama je?

Mimi najifunzia kiwanja cha mpira, asubuhi kabla wenye mpira wao hawajafika. Anayenifundisha ni mzee mmoja fundi pikipiki. Siku ya kwanza aliweka matofali mawili akasema, "Ukifika hapa simama, na tairi lisiburuzike." Asubuhi nzima breki tu! Washkaji wakipita wanacheka kweli kweli.

Mtaani tunaambiana breki ya mbele usiiguse, itakupindua. Mzee hataki kusikia. Ukifunga breki, uzito unakimbilia mbele. Tairi la nyuma linabaki jepesi, ukilikanyagia kwa nguvu linateleza. La mbele ndilo linaloshika chini. Kinachoangusha watu ni kuibana ghafla, au kuibana usukani ukiwa umepinda. Bana kwa vidole, pole pole, kisha ongeza. Kwenye vumbi na mchanga, ulaini zaidi.

Halafu kuna hesabu: ukitoka mwendo wa 30 kwenda 60, umbali wa kufunga breki hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Daladala ikisimama ghafla mbele yako, hapo ndipo utajua.

Wasomi nao walishaliona. Mwaka 1981 Profesa Harry Hurt wa Marekani alitoa ripoti baada ya kuchunguza ajali 900 za pikipiki huko Los Angeles. Asilimia 92 ya madereva wale hawakuwa na mafunzo rasmi. Walijifunza wenyewe, au kwa ndugu na marafiki. Hatari ilipotokea, wengi walikanyaga ya nyuma mpaka tairi likaburuzika, ya mbele wakaigusa kidogo tu. Yaani kama sisi!

Uingereza mtu hulipia siku nzima kwenye viwanja vya mashindano kama Brands Hatch, kule Kent. Wageni wana kundi lao, mwalimu anatangulia, na hakuna kushindana. Hakuna lori linalokuja mbele, wala mtoto anayekatisha. Ukikosea, unarudia.

Hiyo siri hata kiwanja cha vumbi kinayo. Kwenye kona, tazama unakotaka kwenda, maana pikipiki hufuata macho. Ukikodolea shimo, utaingia shimoni.

Kwa hiyo, kaka na dada, kabla hujampakia mtoto wa watu nyuma, tafuta kofia ngumu, anayejua kufundisha na matofali mawili. Kila mtaa una kijana anayetembelea magongo, na wengine hawakubahatika hata hayo magongo. Waache wacheke. Tukutane wiki ijayo, mkiwa wazima!