Kubadili jina au lakabu?

Vijana wa Wundanyi husema, "Nachenji jina kwa gemu." Nami huwauliza: jina lipi? Kwenye Roblox, kwa mfano, yapo mawili. La kwanza ni jina la mtumiaji: la pekee, hakuna wawili wanaolishiriki, na kulibadili hugharimu Robux 1,000. La pili ni lile la kuonyesha tu. Hili hubadilishwa bure, mara moja kila siku saba.

Hilo la pili, kwa maoni yangu, Kiswahili kina neno lake tayari: lakabu. Ahmad Nassir Juma Bhalo alivuma kama Malenga wa Mvita, wala jina lake halisi halikufutika.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Mtoto aliyejisajili kwa jina lake kamili na la shule yake, akibadili lakabu pekee, bado wageni watalisoma lile la mtumiaji. Hata akilipa, la zamani hubaki limefungwa kwenye akaunti yake. Kwa hivyo, wazazi, jina la mtumiaji na liwe la kubuni tangu siku ya kwanza. Lakabu abadili apendavyo.