Mabadilishano ya wanafunzi yasiwe ya upande mmoja

TEMBEA uone, walisema wahenga. Wanafunzi wetu wengi wanapousikia usemi huo, mawazo yao hurukia ndege na nchi za ng'ambo. Ni wachache wanaojiuliza wafanye nini pindi ng'ambo inapowajia wao nyumbani.

Katika eneo la Khwisero, Kaunti ya Kakamega, ng'ambo imekwisha kuja. Tangu muongo wa kwanza wa karne hii, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Montana State, kilichoko mjini Bozeman nchini Marekani, wamekuwa wakifunga safari hadi huko wakati wa likizo yao. Hao ni wa tawi la Engineers Without Borders chuoni humo. Kwa ushirikiano na wenyeji, wamechimba visima na kujenga vyoo vya kutengeneza mbolea katika shule za msingi.

Aliyesomesha mashambani haelezwi thamani ya kisima shuleni. Pasipo na maji, mtoto huja darasani na kidumu mkononi, au hutumwa mtoni wakati wenzake wakisoma. Aghalabu mtoto huyo ni msichana.

Mgeni naye hapotezi safari. Kanuni aliyoikariri chuoni sasa huipima mbele ya kamati ya wazazi, akatambua kwamba pampu isiyo na mtu wa kuitunza ni chuma kitupu. Hurudi kwao na somo, na huenda na shahada pia.

Je, mwanafunzi wa Khwisero hubaki na nini? Nachelea kusema kwamba katika shule zetu nyingi, mgeni akifika, wanafunzi hupangwa mstari, huimba, hupiga makofi, kisha hurejea darasani. Huko si kubadilishana. Huko ni kutazamwa.

Tusisahau kwamba tuliwahi kusafiri sisi pia. Mnamo Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake Wamarekani, vijana 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Mwaka uliofuata, mpango huo ulimchukua Wangari Maathai hadi chuo kimoja mjini Atchison, jimboni Kansas. Alirejea na elimu ya biolojia, na mwaka 1977 akaanzisha vuguvugu la kupanda miti. Alikwenda kujifunza, lakini macho yake hayakuipa kisogo ardhi ya kwao.

Si kila mtoto atakayepata viza na nauli. Hata hivyo, yapo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, mwanafunzi na ashiriki kazi: apime kina cha kisima, aandike daftari la pampu, aulize kwa nini bomba limewekwa hapa na si pale. Mgeni akiondoka, ujuzi usiondoke naye.

Pili, mwenyeji awe mwalimu. Bozeman haiko mbali na Yellowstone, mbuga ya taifa iliyotengwa mwaka 1872, na mgeni anaweza kusimulia habari za chemchemi zake za maji moto. Naye akiuliza juu ya Msitu wa Kakamega, masalio ya misitu ya mvua iliyowahi kuungana na ile ya Kongo, ajibiwe nini na mwanafunzi ambaye hajawahi kumwona mbega akirukaruka matawini? Msitu huo umo katika kaunti yake mwenyewe. Ziara ya huko haihitaji pasipoti. Inahitaji basi la shule na mwalimu aliyejiandaa.

Enyi walimu, mgeni ajaye asikute kwaya peke yake. Amkute mwanafunzi mwenye daftari, mwenye maswali, na mwenye jambo la kumfundisha. Hapo ndipo tutakapoweza kusema kwamba tumebadilishana.