Habu ya Baiskeli Iliyochakaa: Namna ya Kuitengeneza na Kununua Spea Inayooana Nayo

Katika Mashewa, wilayani Korogwe, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mkoa wa Tanga, baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba maji, mahindi, kuni na bidhaa za dukani. Dumu moja la lita 20 lina kilo 20 za maji. Madumu manne ni kilo 80, kabla ya kuhesabu uzito wa mwendeshaji. Mzigo huo wote hutua juu ya habu mbili, yaani vile vitovu vya magurudumu ambamo ekseli hupita na ambako spoku hushikizwa.

Habu ikichakaa, mlaji hukabiliwa na gharama ya aina mbili. Ya kwanza ni bei ya spea. Ya pili, ambayo mara nyingi ndiyo kubwa zaidi, hutokana na kununua spea isiyooana na habu: nauli ya kwenda Korogwe mjini au Tanga kwa mara ya pili, siku ya kazi iliyopotea, na pengine habu nzima iliyoharibiwa na kifaa kidogo kisichokuwa chake. Makala hii inaeleza namna ya kutambua uchakavu mapema, namna ya kupima kabla ya kununua, na haki alizonazo mnunuzi mbele ya muuzaji.

Sehemu za habu na kinachochakaa

Katikati ya habu ya kawaida hupita ekseli. Kila upande wa ekseli hufungwa koni, na kati ya koni na kikombe kilichomo ndani ya habu huzunguka gololi zilizopakwa grisi. Nje ya koni hukaa nati ya kufungia, ambayo kazi yake ni kuizuia koni isijikaze wala kulegea gurudumu linapozunguka.

Gololi, koni na ekseli hubadilishwa kwa urahisi, na bei yake ni ndogo. Kikombe, kwa upande wake, katika habu nyingi kimeshindiliwa kiwandani, nacho kikiliwa, kwa kawaida dawa yake ni kubadili habu nzima. Kubadili habu maana yake ni kufungua spoku zote na kulisuka gurudumu upya. Kwa sababu hiyo, tunamshauri mlaji asisubiri gurudumu likwame: gololi zilizochakaa zikiachwa humla koni, na koni iliyoliwa humaliza kikombe.

Dalili za uchakavu

Inua gurudumu, shika rimu, kisha litikise kulia na kushoto. Likicheza na mlio ukasikika katikati, huenda koni zimelegea tu na zinahitaji kurekebishwa. Zikisharekebishwa na mchezo ukarudi baada ya siku chache, habu ifunguliwe.

Fundi akishafungua habu na kuifuta grisi, kagua mambo matatu. Kwanza, tazama njia ya gololi juu ya koni: mstari unaong'aa sawasawa ni wa kawaida, bali vishimo au magamba ni dalili kuwa koni imekwisha. Pili, pitisha ncha ya kalamu polepole ndani ya kikombe. Ikikwaruza au kudunda, kikombe kimeanza kuliwa. Tatu, viringisha ekseli juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikipandapanda, imepinda na haifai kurudishwa.

Gololi zibadilishwe zote kwa pamoja, pande zote mbili. Gololi iliyotumika hupungua ukubwa kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho. Mpya zikichanganywa na za zamani, chache zilizo mpya ndizo zitakazobeba mzigo wote, nazo zitapasuka mapema.

Kwa nini spea zinazofanana hazioani

Baiskeli zilizomo nchini zimetoka katika viwanda vya nchi na vipindi tofauti. Baiskeli za Kiingereza kama Raleigh za Nottingham zilikuja na vipimo vya inchi. Baiskeli za mzigo kutoka India na China, kama Hero na Phoenix, zilifuata kwa kiasi kikubwa umbo hilo la Kiingereza. Baadaye zikaja baiskeli za mitumba, nyingi zikitoka Japani, ambazo ekseli zake aghalabu hupimwa kwa milimita. Duka moja linaweza kuwa na spea za makundi yote haya katika boksi moja, na kwa macho zikaonekana sawa.

Mfano ulio wazi ni ekseli ya nyuma. Katika baiskeli za vipimo vya inchi, ekseli nyingi za nyuma zina unene wa inchi 3/8, yaani milimita 9.5, na nyuzi 26 kwa kila inchi. Nyingi za vipimo vya milimita zina unene wa milimita 10, na kila uzi uko umbali wa milimita 1 kutoka kwa mwenzake. Nyuzi 26 kwa inchi ni sawa na umbali wa takriban milimita 0.98. Tofauti hii ni ndogo kiasi kwamba koni ya milimita 10 huingia katika ekseli ya inchi 3/8 bila upinzani, na mnunuzi hudhani amepata. Kumbe nyuzi zimeshikana kwa ncha tu. Koni hiyo itakubali kukazwa, lakini chini ya mzigo nyuzi zitakatika na gurudumu litalegea njiani.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kwenda dukani

Njia iliyo bora kuliko zote ni kubeba spea ya zamani yenyewe: ekseli pamoja na koni zake zote mbili, nati na gololi chache. Pamoja na hizo, mlaji aandike yafuatayo kwenye karatasi:

1. Gurudumu ni la mbele au la nyuma. Habu nyingi za mbele hutumia gololi za inchi 3/16 (milimita 4.8), kwa kawaida 10 kila upande, za nyuma hutumia za inchi 1/4 (milimita 6.35), kwa kawaida 9 kila upande. Zihesabu kabla hazijatawanyika, kwa kuwa zipo habu zisizofuata kawaida hiyo.

2. Unene wa ekseli na urefu wake wote.

3. Upana kati ya uso wa nje wa nati moja ya kufungia na ule wa nyingine. Kipimo hiki ndicho kinachoonyesha kama habu itaingia katika uma au fremu. Baiskeli nyingi za gia zina milimita 100 mbele na milimita 130 au 135 nyuma. Za mzigo kwa kawaida ni nyembamba zaidi. Fremu isipanuliwe kwa nguvu ili kuipokea habu pana.

4. Idadi ya matundu ya spoku, iwapo habu nzima inabadilishwa. Baiskeli nyingi za mzigo za inchi 28 zina matundu 32 mbele na 40 nyuma. Nyingine nyingi zina 36 pande zote. Habu na rimu lazima ziwe na idadi moja.

5. Upana wa sahani za habu zinazoshika spoku. Habu mpya ikiwa na sahani pana au nyembamba kuliko ya zamani, spoku za zamani hazitakuwa na urefu unaofaa, nazo zitaongezeka katika gharama.

6. Aina ya fraiwili, kwa gurudumu la nyuma. Fraiwili nyingi hufungwa kwenye habu kwa nyuzi za kipimo cha inchi 1.37, nyuzi 24 kwa inchi. Baiskeli za gia zenye meno yanayochomekwa kwenye mifereji hutumia habu ya aina nyingine kabisa, na fraiwili ya kufunga kwa nyuzi haitakaa humo.

Majaribio mbele ya muuzaji

Kabla ya kulipa, zungushia koni mpya kwenye ekseli kwa vidole tu. Inapaswa kupita mwanzo hadi mwisho wa nyuzi bila kukwama. Kisha isimamishe katikati na uitikise. Ikikwama baada ya mizunguko miwili, au ikichezacheza juu ya ekseli, siyo yake. Usikubali maneno kwamba itakaa ikishakazwa kwa spana.

Ilinganishe pia koni mpya na ya zamani kwa kuziweka ubavu kwa ubavu: mviringo wa njia ya gololi na urefu wa koni viwe sawa. Viringisha ekseli mpya juu ya kioo cha kaunta. Majaribio haya yanahusu spea mpya na za mitumba vilevile. Habu ya mtumba ifunguliwe na kikombe chake kikaguliwe kwa ncha ya kalamu kama tulivyoeleza.

Haki za mnunuzi

Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 214), mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi mahususi ya bidhaa, na kuonyesha kuwa anategemea ujuzi wake, muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa hizo huwajibika kutoa bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Ulinzi huo unaweza kukosekana pale mnunuzi anapoagiza kifaa kwa jina la chapa pekee. Kwa hiyo asiseme tu, "Nipe koni ya Phoenix." Aseme: "Nahitaji koni itakayooana na ekseli hii, kwa baiskeli ya kubeba mzigo." Maneno hayo machache, yakiungwa mkono na risiti, yana uzito baadaye.

Aidha, mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kwa urahisi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Hii ni sababu nyingine ya kufanya majaribio dukani, wala si nyumbani.

Risiti idaiwe kila mara, na itaje jina la kifaa na kipimo chake. "Spea za baiskeli" pekee haitoshi. Boksi lenye jina la chapa lililoandikwa kwa makosa, au lisiloonyesha nchi wala kiwanda, litiliwe shaka: kuuza bidhaa zenye alama bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Makubaliano na fundi

Mlaji aulize gharama ya kazi kabla fundi hajafungua habu, na wakubaliane nani atakayenunua spea. Fundi akinunua, aombwe kurudisha vifaa vya zamani pamoja na risiti.

Kazi ikikamilika, lijaribu gurudumu kabla ya kulipa. Liinue, hakikisha breki haigusi rimu, kisha uliache huru: tundu la kujazia upepo, kwa uzito wake, linapaswa kushuka lenyewe hadi chini. Likigoma, koni zimekazwa kupita kiasi. Gurudumu likiwa limefungwa kwenye fremu, litikise kwa rimu, lisicheze. Habu ikaguliwe na kupakwa grisi mpya kila baada ya masika, na mapema zaidi ikiwa baiskeli imevushwa katika maji ya kufunika ekseli. Oili chafu ya injini isimiminwe ndani ya habu, kwa sababu huiondoa grisi na kuacha chembe za chuma.

Spea ikiwa na kasoro

Acha kuitumia mara moja na uirudishe kwa muuzaji ikiwa pamoja na risiti na ekseli ya zamani. Eleza kasoro, na udai kubadilishiwa au kurejeshewa fedha. Muuzaji akikataa, andika tarehe, jina la duka na majibu aliyotoa, kisha uwasilishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina jukumu la kumlinda mlaji. Spea yenyewe itunzwe bila kukatwa wala kuchongwa, kwa kuwa ndiyo ushahidi mkuu wa dai.