Wakili wa Bett

Theodore Sedgwick alizaliwa mwaka 1746 huko Connecticut, Marekani, nchi hiyo ilipokuwa ingali chini ya mfalme wa Uingereza. Alijifunza sheria, akawa wakili katika mji mdogo wa Sheffield, katika Massachusetts.

Katika mji huo alikaa tajiri mmoja, jina lake John Ashley. Mwaka 1773 wakubwa wa mji walikutana nyumbani mwake, na Sedgwick akiwa mmoja wao, wakaandika azimio kwamba wanadamu ni sawa, tena wana haki ya kuwa huru. Lakini ndani ya nyumba ile ile walikuwamo watumwa. Mmoja wao alikuwa mwanamke aitwaye Bett.

Husimuliwa kwamba siku moja bibi wa nyumba alishika sepetu ya jikoni iliyopata moto, akataka kumpiga msichana mtumwa. Bett akakinga kwa mkono wake, akapata jeraha ambalo kovu lake halikufutika.

Mwaka 1780 Massachusetts ilipata katiba yake, isemayo kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Bett hakujua kusoma, lakini aliyasikia maneno hayo, akayaweka moyoni. Akamwendea Sedgwick, akamwuliza kama sheria haitampa uhuru wake.

Ashley alikuwa mtu mkubwa, tena Sedgwick alijuana naye sana. Hata hivyo wakili hakumrudisha yule mwanamke. Mwezi wa Agosti 1781 alisimama mahakamani Great Barrington, pamoja na wakili mwenziwe Tapping Reeve, kumtetea Bett na mtumwa mwingine, Brom. Watu walioapishwa kuamua shauri wakasema kwamba hao wawili si watumwa, na Ashley akaamriwa kuwalipa shilingi 30.

Bett akajiita Elizabeth Freeman, maana yake mtu huru. Ashley alimsihi arudi kwake kwa mshahara. Akakataa, akaenda kufanya kazi nyumbani kwa Sedgwick. Sedgwick naye aliingia katika baraza kuu la kutunga sheria, akawa Spika tangu 1799 hata 1801. Alikufa mwaka 1813. Bett alipokufa mwaka 1829, alizikwa kati ya makaburi ya jamaa ya Sedgwick.

Tazameni basi: maneno mema ya azimio hayakumfungua Bett, ingawa yaliandikwa katika nyumba aliyoitumikia. Alifunguliwa alipothubutu kudai haki yake, na mjuzi wa sheria akakubali kusimama naye.