Susu wako ni maktaba, mrekodi sasa

UKIENDA kwenu Kasikeu likizo hii, hesabu wazee waliobaki ambao wanaweza kukueleza ukoo wenu ulitoka wapi na uliingiaje Makueni. Wakiondoka, nani atajua?

Wajerumani waliohamia Marekani yaliwapata hayo. Wajukuu walikua wakiongea Kiingereza tu, barua za babu zikakosa msomaji. Mwaka wa 1983 Taasisi ya Max Kade ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Maktaba yake hutunza barua, vitabu na sauti za jamii hizo.

Na sisi Wakamba je? Ajabu ni kwamba mengi yetu pia yako kwa Wajerumani. Ludwig Krapf alifika Ukambani 1849, na mwaka uliofuata Injili ya Marko ikachapishwa kwa Kikamba mjini Tübingen. Miaka ya 1890 wamisionari wa Leipzig walikaa Ikutha, Kitui. Waliandika kamusi na mila za ndoa na mazishi, wakapiga picha. Nyaraka za misheni hiyo ziko Halle, Ujerumani. Picha zake ziko mtandaoni kupitia Chuo Kikuu cha Southern California, kwa hivyo unaweza kuzitazama kwa simu yako.

Lakini kumbuka, aliyeshika kalamu alikuwa mgeni aliyekuja kubadilisha imani ya watu. Aliandika aliloona yeye ni muhimu. Upande wa pili anao susu.

Basi usingoje serikali. Omba ruhusa, washa simu, muulize kwa Kikamba. Mamake alimsimulia nini kuhusu Ngomanisye, ile njaa kali ya mwishoni mwa karne ya 19? Yeye mwenyewe aliolewaje? Anza rekodi kwa kutaja jina lake, mahali na tarehe. Picha za zamani ziandike majina nyuma kwa penseli. Kisha mpe binamu nakala, simu huibwa.

Na siku ukiwa pale Archives, Moi Avenue, ukimngoja rafiki, ingia ndani. Uliza faili za wilaya ya Machakos, kwa sababu Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992. Utakuta ripoti za maafisa wa mkoloni. Sauti ya susu hutaipata humo, hiyo ni kazi yako.