Jina Juu ya Jalada

Neno letu sahihi lina kazi mbili: ni kitu kisicho na kosa, na pia ni alama ya mkono wa mtu chini ya maandishi yake. Wapenzi wa vibonzo wa Marekani, wanaopanga foleni kwenye matamasha kama lile la San Diego lililoanza mwaka 1970, wamezifunga kazi hizo mbili pamoja bila kulijua neno lenyewe. Wanataka mchoraji aweke mkono wake kwenye jalada ili kitabu kilichochapwa kwa maelfu kiwe, kwao, ndicho chenyewe. Foleni hiyo ina adabu zake. Jina la mwenye kitabu huandikwa kwenye kikaratasi ili mchoraji asikosee herufi, na mwenye bahati huondoka na kichwa cha mhusika kilichochorwa upesi kando ya sahihi. Nairobi nayo ina tamasha la aina hiyo, Naiccon. Kwetu Tanzania, Mlola, juu kule Usambara, kuna desturi nyingine ya kuandika jina juu ya jalada, desturi ya karibu kila mahali ambako karatasi ya kusoma ni haba, na nadhani hiyo ndiyo iliyomficha mchoraji wetu.

Chukua jarida la vibonzo la Sani, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupata jina lake kwa silabi za mwanzo za majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Nakala iliyotoka Dar es Salaam ilipaswa kufika Mombo, ipande kona za Soni mpaka Lushoto, kisha itafute gari la kuendelea. Kitu kilichosafiri hivyo hakisomwi na mtu mmoja. Mwenyewe huandika jina lake juu ya jalada kwa kalamu ya wino, si kwa kujivuna, ila jarida lirudi. Nalo hurudi pini zimelegea, ukurasa wa katikati umechomoka, pembe zimejikunja kama jani kavu la mgomba. Jina linaloonekana ni la aliyenunua. La aliyechora limebanwa pembeni mwa picha, kwa herufi ambazo msomaji wa kibatari hazioni.

Matokeo yake ni kwamba tunawafahamu wahusika kama majirani, na waliowachora hatuwajui. Ukimtaja Lodi Lofa au Ndumilakuwili wa Sani mbele ya watu wa rika fulani watacheka kabla hujamaliza. Ukimtaja Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji waliolijenga jarida hilo, wengi watakuuliza ni nani huyo. Alifariki mwaka 1986, na wahusika wakaendelea kuchorwa na mikono mingine. Chakubanga wa gazeti la Uhuru alijulikana nchi nzima kuliko Christian Gregory aliyemchora. Ali Masoud naye jina la mhusika wake limemganda hata akawa Masoud Kipanya, na huyo afadhali, maana angalau wameingia mjini pamoja.

Wako watakaosema kwamba kufukuzia sahihi ni ubatili wa kigeni na biashara juu yake. Biashara ipo, tena ya ajabu: huko Marekani kitabu kilichotiwa sahihi mbele ya shahidi wa kampuni hufungiwa ndani ya plastiki ngumu, thamani yake ikapanda kwa sharti kwamba hakuna atakayekifungua tena. Kwa msomaji anayengoja zamu yake ya kuazima, huo ni wendawazimu, na mimi niko upande wake. Ila tusiwacheke kupita kiasi. Anayefungia kitabu anakitunza, na sisi tulioazimana Sani mpaka ikachanika tumebaki na kumbukumbu za mdomo pale ambapo tungekuwa na kabati. Hoja nzito zaidi ni kwamba sahihi haimpi mchoraji haki yake. Jack Kirby alichora mashujaa wengi wa Marvel, akafa mwaka 1994, na warithi wake walifikia mapatano na kampuni mwaka 2014 tu, ilhali foleni za sahihi zilikuwapo miaka yote hiyo. Nakubali. Foleni si mahakama. Lakini mtu aliyewahi kusimama mbele ya mchoraji na kuuona mkono ukitembea kwenye karatasi hawezi tena kuamini kwamba kibonzo hujichora, na madai ya haki huanzia kwenye kujua kuna mtu.

Na umbali wa kufika Mlola? Mchoraji naye ana miguu, na magari yanayoteremsha kabichi na karoti kutoka milimani hurudi juu. Uchapaji wenyewe si mgeni kule. Misheni ya Kilutheri ilikuwa na kiwanda chake cha uchapaji cha Vuga hukohuko Usambara. Siku mchoraji atakapoketi Mlola na kalamu yake, hatawekewa mezani nakala iliyolala ndani ya mfuko. Atapewa iliyozunguka nyumba kadhaa, jalada limeshajaa jina la mwenyewe na pengine la shemeji aliyekataa kuirudisha, naye itambidi aligeuze huku na huku akitafuta mahali peupe pa kuandika lake.