Tela Kuukuu na Safari ya Kipupwe

Mwezi wa Juni ukiingia, hapa Mfaranyaki watu huamka wamejifunika makoti na vitenge, na watoto huota moto uani kabla ya kunawa uso. Ndio wakati wa likizo ya shule, na jamaa wengi wa Songea huenda kuwaona ndugu zao walio nyanda za juu. Lakini aliyeona baridi ya Songea asidhani ameiona baridi. Mji wetu uko mita 1,100 na zaidi kidogo juu ya bahari. Njombe iko karibu mita 2,000, na katika Juni na Julai sakitu huweza kuanguka usiku, hata alfajiri majani yakawa meupe.

Mwaka jana tulialikwa arusi huko Njombe, kwa wakwe zangu. Wageni walikuwa wengi na vitanda vichache. Basi nikalikumbuka tela langu. Ni kibanda cha mbao na bati juu ya magurudumu mawili, chenye vitanda viwili, mlango, na dirisha moja dogo. Nalilinunua zamani kwa mtu aliyekuwa akilala humo katika kambi za kazi za barabara. Ulaya na Marekani vibanda vya namna hii huitwa karavani, na watu hutembea navyo wakati wa likizo. Wengi wa huko huvifungia majira ya theluji yanapofika. Mimi nilitaka kulitoa langu katika baridi, baada ya kukaa miaka mitatu chini ya mwembe na kuwa nyumba ya kuku.

SWALI LA MZEE

Jirani yetu mmoja ni mzee aliyeendesha malori tangu siku zile barabara ya Makambako ilipokuwa vumbi na matope, kabla haijatiwa lami katika miaka ya 1980. Nikaenda kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona umewahamisha kuku."

"Nataka kulivuta hadi Njombe, mzee. Sijui kama pikapu yangu itaweza."

Mzee akacheka. "Hujauliza vema. Kulivuta italivuta. Uliza kama utaweza kulisimamisha."

Akaja uani, akainama kwenye tairi. Mimi nilizisifu, maana kashata zake zilikuwa bado ndefu. Yeye akapangusa matope ubavuni mwa tairi, akanionyesha tarakimu nne: 2312. Maana yake ni kwamba tairi ilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2012. Akaikunja kwa kidole gumba, na nyufa nyembamba zikafunguka. "Tairi huzeeka hata ikilala," akasema. "Jua laila, mvua yaila. Hii itapasuka ukiwa umeshiba mwendo."

Akafungua vifuniko vya magurudumu. Grisi ya beringi ilikuwa imekauka kama udongo. Akauliza spea ya tela iko wapi. Nikamwonyesha spea ya pikapu. Akatikisa kichwa, kwa kuwa matundu ya nati hayakulingana. Kwa hiyo nilihitaji tairi tatu, grisi mpya, na taa za nyuma, maana tela huzifunika taa za motokaa, na anayekuja nyuma yako katika ukungu hakuoni.

FEDHA ZA NGUO

Fedha tulizokuwa nazo tuliziweka kwa blanketi mbili za zawadi na nguo mpya za watoto. Nilimweleza mama watoto kwa woga. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba watoto, watoto wakienda na nguo za zamani, hakuna atakayewafukuza arusini. Lakini tukikosa kufika, arusi itageuka matanga." Basi tukanunua tairi tatu, na blanketi moja.

Kisha tulikaa na kalamu, tukapanga safari. Kutoka Songea hadi Njombe ni karibu kilometa 240. Basi huenda kwa haraka, lakini mwenye tela hawezi kupanga kwa saa za basi. Tulihesabu mwendo wa kilometa 50 kwa saa, na kupumzika mara tatu. Kuondoka alfajiri hakufai, kwa sababu ya ukungu; kufika usiku hakufai, kwa sababu ya giza na baridi. Tukaamua kuondoka saa 2 asubuhi ili tufike kabla ya saa 9 alasiri. Watoto wote wakae ndani ya motokaa, asiwepo hata mmoja ndani ya tela likiwa njiani. Chini ya kiungo tukafunga minyororo miwili iliyopishana, ili kiungo kikifunguka tela lisikimbie.

Mzee akatufundisha na kupakia. Mizigo mizito ikae chini, na sehemu kubwa yake mbele ya ekseli, ili tela lilalie kiungo kidogo. Uzito unaolala juu ya kiungo uwe kama sehemu moja katika kumi ya uzito wote wa tela, au zaidi kidogo. Ukiweka mzigo nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia wa mjusi, nalo huishika motokaa na kuipeleka litakako.

USIKU WA KWANZA

Tulikwenda vizuri, tukapita Gumbiro na Madaba, na mlima Lukumburu tukaupanda polepole, tukisimama ili injini ipoe. Kila tulipopumzika nilishika vikombe vya magurudumu kwa mkono. Vikiwa vya vuguvugu si neno; vikichoma, beringi inakufa.

Njombe tulipokelewa kwa shangwe. Usiku ulipoingia baridi ikatushika hata mifupani, na bati la tela likawa kama limetoka mtoni. Shemeji yangu, kwa upendo, akaleta jiko la mkaa lililokolea, akitaka kuliweka katikati ya vitanda. Watoto walifurahi. Mama watoto akalipokea kwa shukrani, akaliweka nje, mbali na mlango.

Wasomaji, shikeni jambo hili hata kama hamtavuta tela maisha yenu yote. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamshwi nayo. Huzidi kulala tu, mpaka asiamke. Haidhuru moshi usionekane, haidhuru jiko likiwa dogo. Na kibanda kidogo kama tela hujaa sumu hiyo upesi kuliko nyumba.

Tulijipatia joto kwa njia nyingine. Tulitandika mikeka na maboksi ya karatasi chini ya magodoro, maana baridi hupanda kutoka chini. Tulikunywa uji wa moto, tukavaa soksi na kofia, tukatia maji ya moto katika chupa zilizozungushiwa nguo. Dirisha tuliliacha wazi kama upana wa vidole viwili, ili pumzi zetu zisigeuke maji juu ya bati na kutudondokea. Tulilala vema.

GUNIA LA TATU

Arusi ilipokwisha, wakwe walitupa viazi, sifa ya Njombe: magunia matano ya lumbesa. Kukataa zawadi ya mkwe ni jambo zito. Lakini kwenda kulikuwa kazi ya injini; kurudi kungekuwa kazi ya breki, na tela letu halina breki zake lenyewe. Nikamwambia baba mkwe kwa heshima, "Baba, tutachukua mawili. Matatu tutayafuata kwa basi." Akakunja uso kidogo. Mama watoto akamweleza habari za Lukumburu, na mzee akaelewa.

Juu ya mlima nilisimama, nikatia gia ya pili kabla ya kuanza kushuka, wala si katikati ya mteremko. Injini ikalizuia tela, nami nikagusa breki kwa vipindi, bila kuikanyaga mfululizo, maana breki inayokanyagwa daima hupata moto ikaacha kushika. Hata hivyo nililisikia tela likitusukuma mgongoni. Nikawaza yale magunia matatu niliyoyaacha, na zile tairi za mwaka 2012, na mikono yangu ikatoka jasho katika baridi ile. Nyuma yetu dereva mmoja alipiga honi kwa hasira. Nikampa njia palipofaa, akapita.

Jioni tuliingia Mfaranyaki. Mzee jirani alikuwa amekaa barazani kwake.

"Limesimama?" akauliza.

"Limesimama, mzee."

Mama watoto akampelekea bakuli la viazi. Kesho yake kuku walirudi chini ya mwembe, lakini mlango wa tela nimeufunga, na magurudumu nimeyainua juu ya matofali, yapumzike mpaka Juni.